Gilbert Lorimer na Kiti cha Falsafa

Gilbert Lorimer alizaliwa Cupar, Uskoti, mwana wa mchonga mawe aliyekufa mapema. Mama yake, Grizel, alifuma kitani mpaka vidole vikapinda, na nia yake ilikuwa moja tu: mwanawe apande mimbarini. Gilbert akasoma. Chuoni akakutana na falsafa, na mimbari ikamtoka moyoni polepole, bila kelele.

Katika miaka ya mwanzo ya Malkia Victoria, kiti cha profesa wa falsafa kikawa wazi chuoni hapo. Wote walisema ni cha Lorimer. Akaitwa mbele ya wateuzi, na mchungaji mmoja mzee akamwuliza, "Bwana Lorimer, unaamini kwamba waovu wataungua milele?"

Jibu lililotakiwa alilijua. Wengi walikuwa wamelitamka wakaenda zao kula.

"Sijui," akasema. "Wala sidhani kama yupo ajuaye."

"Basi ukitoka, ufunge mlango."

Nyumbani Grizel alikuwa amechemsha nyama ya kondoo.

"Wamekupa?"

"Hawakunipa, mama." Akamsimulia.

Grizel akaitua sahani kwa kishindo. "Si ungesema ndiyo! Ndiyo ina mfupa, ikukwame kooni?"

"Wewe ndiye uliyenichapa kwa kusema uongo."

"Nilikuchapa kwa mayai ya jirani! Sikukuchapa kwa mambo ya jehanamu!"

Gilbert akahamia Manchester, akafundisha mantiki katika chuo kidogo kwa miaka kumi na minane. Hakuoa. Aliandika kitabu kinene juu ya wajibu. Wajerumani wakakisifu, watu wa kwao wakakipita kando. Kila mwaka mpya alirudi Cupar, na yeye na mama yake wakala kimya.

Kisha sheria ikabadilika, wateuzi wakakatazwa kuuliza habari za imani. Kiti kilipokuwa wazi tena, Gilbert akakipata, nywele zimeshakuwa nyeupe. Siku ya mhadhara wake wa kwanza Grizel alikaa benchi la mbele, kofia yake nyeusi kichwani.

"Umeonaje, mama?"

"Sauti yako ndogo. Wa nyuma hawakusikia kitu." Akamshika mkono washuke ngazi. "Na yule mwenye ndevu alisinzia."

Wakaishi pamoja. Kila Jumapili Gilbert alimsindikiza mama yake hadi kanisani, akaenda kutembea kando ya mto, kisha akarudi kumchukua. Majirani walicheka: "Profesa anamfikisha mama yake mbinguni, yeye anaishia mlangoni." Naye alicheka nao.

Grizel alipofariki, siku ya mazishi Gilbert aliingia ndani ya kanisa, akaketi mbele, akaimba zaburi zote bila kufungua kitabu. Watu wakadhani amerudi kundini. Jumapili iliyofuata hawakumwona. Alifundisha miaka mingine kumi na mmoja, na wanafunzi wa nyuma waliendelea kulalamika kwamba hawamsikii.