Dada na Benchi la Ng'ambo

“Niliajiriwa kufagia na kuchemsha chai, bosi. Mdomo wangu haumo kwenye mkataba.”

Hayo ndiyo maneno ya dada yangu yaliyonipokea Jumanne nilipofika kumtembelea. Nilisimama mlangoni na begi langu, wala hawakugeuka. Bosi, msajili wa vizazi na vifo, kijana aliyepiga pasi mpaka soksi, alikuwa anamweleza kwa upole kwamba Alhamisi haiwezekani. Watu wa ng'ambo wakija, nani atamwambia wanasema nini?

Mji ule ni mzuri kwa anayekuja na kuondoka. Ni saa moja tu kwa basi kutoka mji mkuu, mto unapita katikati. Upande huu wanasema lugha ya serikali, ng'ambo wanasema yao. Wageni husimama darajani wakapiga picha. Sisi baba yetu alikuwa wa huku, mama wa ng'ambo, kwa hiyo lugha tunazo zote mbili. Mimi niliondoka nazo. Dada zilimfunga.

Miaka kumi na minne sasa, kila msajili anayeletwa hajui neno la ng'ambo, na hahangaiki kujifunza maana dada yupo. Anaweka ufagio chini, anasimama kati ya meza na benchi, anageuza maneno huku na huku mpaka koo linakauka. Mshahara ni wa ufagio. Wamempa chumba nyuma ya ofisi, eti kwa hisani. Hisani gani, wakati mtu akifiwa Jumapili anagongewa yeye? Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa choo.

Na jicho la kushoto limeingia ukungu. Hospitali ya mji mkuu ilishampangia upasuaji mara mbili, na mara mbili bosi akamkatalia. Hii ya Alhamisi, saa sita mchana, ilikuwa ya tatu. Akikosa, jina linafutwa, anaanza upya mwisho wa foleni, na foleni ni mwaka mzima. Ndiyo maana nilikuja kumchukua.

Jioni, tukimenya viazi, nilimwambia aondoke tu bila ruhusa.

“Halafu nikirudi nilale wapi? Kwako? Mumeo anaanza kukohoa nikipiga simu tu.”

Nikachukua kiazi kingine. Ni kweli, anakohoa.

Jumatano nilikaa kwenye benchi na watu wa ng'ambo. Baba mmoja alikuja kuandikisha mapacha. Bosi akasema, mwambie alete karatasi ya hospitali. Dada akamgeukia, sauti ileile, uso uleule, akamwambia kwa lugha yao:

“Lete karatasi ya hospitali. Na kesho usije, naenda kutengenezwa jicho. Waambie na wenzako. Mwenye la haraka alilete leo.”

Nusura nipaliwe na mate. Bosi akauliza mbona maneno yamekuwa mengi.

“Lugha yao ndefu, bosi.”

Aliwaambia hivyo wote. Wa mwisho alikuwa mjane muuza samaki. Mwaka jana dada alihangaika naye siku tatu mpaka cheti cha kifo cha mumewe kikatoka, na tangu hapo kila wakikutana mjane husema bado ana deni kwa dada, dada humwambia aache upuuzi. Safari hii dada hakumkatiza. Mjane alijifunga kanga kiunoni, akavuka daraja, nikamwona anasimamisha watu mmoja mmoja.

Alhamisi saa mbili, benchi tupu. Saa tatu, tupu. Bosi alitoka mara mbili kuchungulia daraja kama anayengoja wakwe. Akauliza kama ng'ambo kuna msiba. Dada, anafuta benchi lisilo na vumbi, akasema hajasikia.

Saa tatu na nusu bosi akakuna kichwa, akasema basi aende, lakini kesho awepo.

“Jumatatu,” nikasema mimi. “Ni jicho hilo, si kitasa.” Nikachukua begi kabla hajajibu.

Kituoni tulimkuta muuza samaki amekaa juu ya ndoo yake. Alisema wote wametulia makwao, hata baba wa mapacha alitaka kuja akamrudisha. Kisha akamtazama dada.

“Na deni langu?”

“Limekwisha, mama. Hunidai, sikudai.” Dada akapanda, akageuka mlangoni mwa basi. “Ila Jumatatu mje. Mje wengi. Wakiona hawanihitaji, chumba watakichukua.”