Fundi wa Tangi la Anselmo

Siku Anselmo, kapera mwenye haya, alipomwona mara ya kwanza, yule mama fundi alikuwa amelala kifudifudi sebuleni kwa Anselmo, mjini Cienfuegos, akiyatukana mabomba ya tangi la samaki kana kwamba kila moja liliwahi kumwoa. Wiki iliyotangulia umeme ulikatika, pampu ikazima, na maji yakarudi kwa bomba lile lile lililoyapandisha kutoka kwenye pipa la chini ya tangi, yakalijaza pipa, yakafurika hadi kitandani kwa Nereida, jirani wa ghorofa ya chini. Nereida aliapa kwamba likidondoka tone jingine, samaki wote atawakaanga kwa vitunguu saumu. Fundi alipima kila kitu kwa vidole vyake vinene, na kila akimaliza kupima alitema mate dirishani. Akatoboa bomba kitundu chini kidogo ya uso wa maji, ili maji yakishuka livute hewa na kuacha kunyonya. Boya la kujaza maji yanayopungua akaling'oa chooni.

“Sasa choo, mama?”

“Utamwagia kwa ndoo, baba. Samaki hawana mikono.”

Hakuzima pampu ili kujaribu kazi yake. Alishuka akajitupa kitandani kwa Nereida, chini ya doa la dari, akangoja umeme ukatike wenyewe, kama ulivyozoea. Ukakatika. Juu, mbele ya tangi, Anselmo alikodoa macho: maji yalishuka upana wa kidole kimoja, yakasimama. Kutoka chini ulipanda mkoromo tu.

Baadaye, mlangoni, fundi akamwambia, “Kitundu ukisugue kila Jumapili. Kikiziba, safari hiyo utakayelala kwa Nereida ni wewe.”