Ng'ombe Wangu Ng'ambo ya Mlima

Mlima wetu haukuwa mrefu. Nilikuwa naupanda na mtoto mgongoni, nikateremka upande wa pili kabla umande haujakauka, kila asubuhi, kwa sababu ng'ombe wangu alilala kule. Sisi Wagogo hatukuweka mifugo yote zizi moja. Mmoja unamkabidhi rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga kwako usibaki mikono mitupu. Huyo wangu nilipewa na baba, naye alitunzwa na rafiki yake baba ng'ambo ya mlima. Mwaka ule njaa ilinikausha maziwa. Mwanangu aliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

Kijiji cha ng'ambo kikagoma kutoa wapagazi. Wajerumani wakatuma askari, wakasomba ng'ombe wa kila zizi na kuwafungia ndani ya ua wa miiba, mbele ya hema la bwana mkubwa wao. Nikaenda mbio.

"Bwana, mmoja ni wangu. Mimi si wa kijiji hiki."

Mkalimani alinijibu bila hata kumgeukia bwana wake: "Ng'ombe ni wa pale anapolala."

Kwa sheria hiyo Wajerumani nao, waliokuwa wakilala katika nchi yetu, wangekuwa mali yetu!

Sikuondoka. Nilimwita ng'ombe kwa jina lake, kwa sauti ninayomwitia wakati wa kukamua. Akapenya katikati ya wenzake mpaka kwenye miiba, akanyoosha shingo kwangu. Watu wote waliona. Bwana mkubwa naye aliona, akacheka, akasema neno, nami nikadhani nimeshinda. Kumbe alisema ng'ombe mpole namna hiyo asiswagwe pamoja na wengine, abaki kwa ajili ya chai yake. Na kwa kuwa ananisikia mimi, basi mimi ndiye nitakayemkamua.

Nikawa navuka mlima kila asubuhi kumkamulia mwizi. Naam, mwizi, sina jina lingine la kumpa. Mtoto walinikataza kuja naye, eti analia. Kila mara askari alinisimamia mpaka tone la mwisho, kisha alinimwagia maji mikononi ninawe mbele yake.

Siku moja aliitwa hemani kabla hajanimwagia maji. Nilipanda mlima bila kugusa jani wala jiwe, na nilipofika nyumbani nikampa mwanangu vidole vyangu, kimoja kimoja, anyonye.