Sigara za Baba Mkwe

Sipendi harufu ya sigara, na sisemi hivyo kwa adabu ya mtu anayekohoa kidogo na kusogea pembeni. Inanitia kinyaa. Nikiisikia kwenye shati la mtu mate yananijaa mdomoni, hata kama niko kanisani, natemea kwenye leso. Mume wangu anasema nina pua ya mbwa. Sikuwahi kukasirikia maneno hayo, tena nilikuwa najivunia.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpandishe meli.

Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa hapa Isansa, Mbozi, kilipata ziara ya mafunzo kwenda Mbinga, kuona wenzetu wanavyotunza kahawa yao. Tuliteremka kwa basi mpaka Kyela, tukapanda meli ya Ziwa Nyasa. Wenzangu, mume wangu akiwamo, waliogopa maji. Mimi nilipofungua tu mlango wa chumba nikaogopa godoro. Lilikuwa limekunywa sigara za miaka na miaka. Mtu alikuwa amelipulizia marashi ya kopo, yale ya chooni, akadhani amemaliza kazi, kumbe sasa harufu zimekuwa mbili na zinagombana. Mto ulinuka kichwa cha mtu nisiyemjua. Nilitandika khanga zangu mbili juu ya kila kitu na bado nilikaa pembeni kabisa, nusu kitako.

Mlangoni palikuwa na bango: MARUFUKU KUVUTA SIGARA VYUMBANI. WAVUTAJI WAENDE NYUMA YA MELI. Nililisoma kwa sauti ya juu ili jirani wa chumba cha pili asikie, maana moshi mbichi ulikuwa unaingia kupitia tundu la hewa juu ya kitanda changu. Hakusikia. Nikaenda kumgongea. Akafungua bwana mmoja mnene, taulo kiunoni, mkono mmoja kauficha nyuma ya mgongo.

"Mimi sivuti, mama," akaniambia, na moshi unamtoka puani. "Hiyo harufu ni ya injini."

Injini! Nilitaka kumzaba kofi. Nikamwita mhudumu wa vyumba, mama mmoja wa makamo mwenye ndala na funguo shingoni. Hakubishana naye. Alisimama mlangoni, akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya meli, akasema, "Baba, kule," na akabaki amesimama hivyohivyo mpaka yule bwana akavaa suruali na kwenda. Nilimpenda mama yule kuliko ndugu zangu wengi.

Baadaye nilikwenda kupaona huko nyuma. Palikuwa na ndoo ya mchanga iliyojaa vipisi, na wanaume kama wanane wameizunguka, wanavuta, wanakohoa, wanatema makohozi kwenye maji ambayo watu wa ng'ambo ya pili watayachota wapikie. Mmoja alizima sigara yake kwenye ganda la yai la kuchemsha, akalitupa ziwani na chumvi yake. Nilirudi chumbani nimeziba pua kwa leso. Lakini nilikuwa nimejifunza kitu: ukitaka watu wasivute, andika bango, wape mahali pao, na asikosekane mtu asiyeona haya.

Huko Mbinga mwenyeji wetu alitukalisha mezani akatupa kahawa. Sisi tunaolima kahawa tunakunywa chai, hiyo si siri, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tunaionja kwa mara ya kwanza au ya pili maishani. Kikombe cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha pili kilikuwa kama kimekorogwa kwa kijiti kilichoungua. Akasema zote mbili zimechumwa shamba moja, siku moja, ila hii ya pili ilikaa siku kumi kwenye chumba chenye moshi. Kahawa ikishakauka, akasema, inavuta harufu yoyote iliyo karibu nayo, na ikishaivuta haiitoi tena.

Watu wa kikundi waligeuka wakatutazama mimi na mume wangu.

Walikuwa na sababu. Msimu uliotangulia kahawa yetu ilikataliwa daraja la juu, na kwenye karatasi ya mwonjaji yaliandikwa maneno matatu tu: harufu ya moshi. Mnunuzi alitupa nafasi ya mwisho. Ikinuka tena, harudi Isansa, na familia zote za kikundi zitarudi kuuza kahawa kienyeji, kwa bei ya chini, kama zamani. Stoo ya kikundi ilikuwa kwetu, chumba cha mbele chenye sakafu ya saruji, mlango wake unaangalia baraza. Na barazani, hatua moja kutoka mlango huo, ndipo alipokaa baba mkwe wangu na sigara zake.

Nitamweleza jinsi nilivyokuwa namwona, ingawa hainipi sifa. Alivuta sigara zisizo na kichungi. Zikiisha alisokota tumbaku kwenye karatasi ya daftari, na karatasi hiyo ikiungua ilitoa harufu ya nywele. Vidole vyake viwili vilikuwa na rangi ya chai iliyochacha. Masharubu yalikuwa meupe pembeni na ya manjano katikati. Alizima sigara kwa kuibonyeza ukutani, nyumba nimeipaka chokaa mwenyewe, halafu kile kipisi hakitupi, anakiweka nyuma ya sikio kwa ajili ya baadaye. Asubuhi alikohoa mpaka majirani wakajua kumekucha. Nilikuwa nafagia alipokaa nikiwa nimegeuza uso.

Tatizo ni kwamba sikuweza kumwambia. Kwetu Unyiha mke wa mtoto hakai uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi watu wamelegeza, huko Tunduma mjini wanakula meza moja na kutaniana, lakini yeye hakulegeza. Tangu niolewe nilimsalimia kwa mbali nimepiga magoti, naye akaitikia akiangalia migomba. Tukiwa na neno, linapitia kwa mume wangu.

"Mwambie baba asivutie barazani," nikamwambia mume wangu.

"Hiyo nyumba alijenga nani?"

"Sijauliza alijenga nani. Nimesema mwambie."

"Mimi siwezi kumwambia baba yangu atoke kwenye baraza yake. Wewe ukiweza, haya."

Alijua siwezi. Basi nikafanya kama kwenye meli. Nilichukua ubao wa sanduku, nikaandika kwa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka madirisha: MARUFUKU KUVUTA SIGARA HAPA. WAVUTAJI WAENDE NYUMA YA MASHINE. Nikaupigilia misumari juu ya mlango wa stoo mchana, yeye akiwa amekwenda mazikoni.

Aliporudi nilikuwa nachungulia dirishani. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Ni msomaji wa Biblia, anasoma polepole, midomo inacheza. Akamaliza. Alichukua kigoda chake, akachukua na koti lake lililokuwa msumarini, akaenda.

Nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa ndiko tunakomwaga maganda. Yanaoza pale kwa wiki nyingi, yanachuruzika maji meusi, na nzi wake si wa kawaida. Nilikuwa nimepachagua kwa sababu upepo wetu unavumia kule. Ilikuwa Juni, na baridi ya Mbozi mwezi huo mnaijua, ukungu unakaa mpaka saa nne. Barazani alikuwa anaona barabara, anasalimiwa na kila anayekwenda shamba au mnadani, anaulizwa habari za mahindi. Nyuma ya mashine hapiti mtu. Tangu mkewe afariki salamu hizo ndizo zilizokuwa maisha yake, nami nilijua hivyo. Nilijua siku ile ile nilipokuwa napigilia misumari, na sikujali. Niliona afadhali akae kule na kinyaa chake.

Mume wangu alianza kula kwa haraka na kutoka.

Stoo sasa niliitunza kama chumba cha mzazi. Nilisugua sakafu. Anayeingia nilimnusa kwanza, na mwenyekiti wa kikundi mwenyewe nilimrudisha mlangoni kwa sababu alipanda pikipiki ya mvutaji. Magunia niliyafunika kwa vitenge vyangu vya zamani kuzuia vumbi, na vitenge hivyo nilivifua kwa sabuni kila baada ya siku tatu. Nje kulikuwa na vumbi jekundu la kiangazi, na vichanja vyote vya kuanikia vilijaa kahawa, kwa hiyo nilikuwa navianika kwenye kamba jikoni, juu ya mafiga, vinakauka upesi na bila doa. Nilivikunja vikiwa bado vya moto. Nilijisikia fahari sana.

Mwonjaji alikuja mwishoni mwa Julai, binti mdogo kwangu, amevaa suruali na kofia. Wanakikundi wote walikuja. Alichoma kijiti cha chuma chenye tundu kwenye gunia la kwanza, akatoa punje, akazikanda mkononi, akanusa. Gunia la pili. La tatu. Tukawa tunamwangalia pua.

"Moshi," akasema.

Nililia palepale, kwa hasira. Nikasema ni sigara, ni sigara za mzee, zilishaingia kwenye kuta miaka yote hiyo, hata tukimhamisha zimo tu. Nilisema mbele ya watu wote, na najua sauti yangu inafika mbali.

Binti akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Sigara naijua. Huu ni moshi wa kuni. Kuni za mlingoti, mkaratusi."

Akageuka geuka chumbani, akanusa ukuta, akanusa mlango. Kisha akashika kitenge kilichokuwa juu ya gunia, akakipeleka puani, na nikaona uso wake ukirudi nyuma kidogo, kwa adabu, kama mimi ninavyorudi nyuma kwa wavutaji.

"Hivi vitambaa vinakaa wapi?"

Nikamwambia jikoni, juu ya mafiga. Mke wa mwenyekiti alikichukua, akanusa, akampa mwingine. Kilizunguka mikononi mwa watu wote. Kilipofika kwangu nilikinusa kwa nguvu zote na sikusikia kitu, sabuni tu. Nimezaliwa jikoni na nimepika kwa kuni tangu nina miaka saba. Moshi wangu mimi siusikii.

"Na mwaka jana ulifunika kwa vitenge hivihivi?" akauliza mwenyekiti.

Nilifunika. Waliyachukua magunia yao, na mnunuzi hakurudi, hilo nalisema mara moja ili nisilirudie. Msimu huu tumeuza kienyeji, na wanawake wa kikundi wananisalimia vizuri kupita kawaida.

Walipoondoka mume wangu alipanda kwenye kiti, akang'oa ubao kwa nyundo, akauegemeza ukutani. Alidhani baba yake atauona umetoka na atarudi. Siku ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Mume wangu alimfuata akamwomba, akaambiwa, "Nimeshapazoea." Nilimsikia akikohoa kule, na kwa mara ya kwanza kikohozi kile kiliniuma badala ya kuniudhi.

Siku ya tatu asubuhi nikaenda mwenyewe. Sikupitia kwa mtu. Niliona kosa nimelifanya kwa mkono wangu, siwezi kulituma liombewe radhi. Nikapita kando ya maganda, nzi wakainuka, nikamkuta amekaa amelipa mgongo lile rundo, koti limefungwa mpaka kooni. Nikapiga magoti mbele yake, mbele kabisa, mahali ambapo sikuwahi kuwa tangu niolewe. Alishtuka. Aliangalia huku na huku akitafuta mahali pa kuweka macho, hapakuwa na migomba.

"Baba," nikasema, "nimekukosea. Moshi ulikuwa wangu. Naomba urudi barazani."

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi zaidi ya hayo. Lakini alikuwa na sigara mkononi, imefika nusu, na moshi wake ulikuja moja kwa moja usoni kwangu. Nikabana pumzi. Naapa sikukusudia, kifua kilijifunga chenyewe, mdomo ukakunjamana. Niliomba radhi nikiwa na uso ule.

Akaniangalia, mara hiyo moja. Akaona.

"Nimekusikia, mama," akasema kwa upole. "Asante."

Halafu akainuka, akachukua kigoda, akakisogeza hatua tatu nyuma, karibu zaidi na maganda, ili upepo usiniletee moshi.