Nafasi Moja Kwenye Ndege ya Unga

Baba yangu aliingia katika shirika la ndege la taifa lilipokuwa changa kabisa. Jumuiya ya nchi zetu tatu ilikuwa imevunjika, shirika la ndege la pamoja likafa nayo, na serikali ikaanzisha lake haraka haraka kwa ndege za kukodi. Zilihitaji watu wenye mabega. Baba akapata kazi ya kupakia mizigo katika uwanja wa Nairobi, na sisi, mama, mimi na wadogo zangu, tukabaki Garissa, mtaa wa Iftin.

Akija likizo alituhadithia dunia kwa mizigo yake. London ilikuwa makasha ya maua na maharagwe mabichi. Bombay ilikuwa mabunda ya vitambaa yaliyonukia iliki. Jeddah, hija ikiisha, ilikuwa madumu ya maji ya zamzam, na wapakiaji Waislamu waligombania zamu hiyo kwa sababu halikukosekana dumu moja linalovuja. Mama alimsikiliza huku akikoroga chai, kisha akauliza swali lake la kila mwaka.

"Na sisi Jeddah lini?"

"Wafanyakazi tunapewa tiketi za bei nafuu kwa jamaa zetu," baba alijibu. "Ni kungoja zamu tu. Mwaka ujao, inshallah."

Katikati ya miaka ya tisini ikaanza habari ya kuuza shirika. Redioni walisema wageni watanunua sehemu, wananchi nao watanunua hisa, na shirika litasimama kwa miguu yake. Sikatai, lilisimama. Lakini kabla ya kuuzwa lilipunguzwa, na baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi kwa basi la mchana akiwa na godoro na sanduku la bati, akaketi uani bila kuvua viatu. Mama alimletea maji ya kunywa. Tangu siku hiyo Jeddah haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Kiinua mgongo chake alinunulia mbuzi, akampa mdogo wake awachunge upande wa Masalani. Kisha ikaja ile mvua ambayo watu wa kwetu wanaikumbuka hadi leo. Mto Tana ulitoka kingo zake. Barabara ya Nairobi ikakatika, malori yakazama hadi madirishani. Mbuzi walisimama ndani ya maji mpaka kwato zikaoza, na waliobaki wakamalizwa na homa. Baba mdogo alifika kwetu kwa miguu, peke yake, na hatukuhitaji kumuuliza mifugo iko wapi.

Wakati huo mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, na akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni ilimbidi apumzike. Tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akamvuta baba pembeni.

"Mzee, huyu anahitaji kufika Nairobi. Hapa sina kitu cha kumpa."

"Nairobi kwa njia gani, daktari?"

Daktari alitazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha.

Zilizokuwa zikienda Nairobi ni ndege za msaada tu. Zilileta unga na mafuta ya kupikia, zikarudi tupu. Baba alikwenda uwanjani kumwomba msimamizi, akaambiwa ndege hizo hazibebi abiria, ndiyo amri. Hakubishana. Alivua shati akaingia kupakua magunia pamoja na vijana, na kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Hakuna aliyemwajiri. Rubani mmoja, kijana kutoka bara, akaanza kumwita "mzee wetu", na siku moja akamuuliza kazi ile alijifunzia wapi. Baba akamweleza. Kisha akasema, kwa ile lafudhi yetu ambayo Nairobi haikumtoa hata baada ya miaka yote ile, "Nibe nafasi moja tu. Si yangu. Ya mke wangu."

Rubani alisema atauliza wakubwa. Jibu lilichelewa. Mama hakuweza tena kulala chali. Alishinda ameegemea ukuta, mito mgongoni, akihesabu tasbihi kwa midomo isiyotoa sauti. Ruhusa ilipokuja ilikuwa ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumhudumia. Baba alisema niende mimi, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake na ninaweza kusema na madaktari.

Uwanjani alimbeba mama mikononi, akamlaza juu ya magodoro tuliyotandika sakafuni, mahali palipokuwa na magunia. Unga mweupe ulikuwa umeshika nguo zote za baba. Niliogopa. Nikamuuliza ndege ikipaa mtu anajisikiaje.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijawahi kupanda."

Alisema hivyo kama mtu anayesema hajui saa ni ngapi, kisha akashuka kwa ngazi na kusimama na wapakiaji wenzake. Miaka yote ile alikuwa akiingia katika matumbo ya ndege na kutoka kabla hazijawasha injini. Kila likizo alikuja nyumbani kwa basi.

Tulipokuwa juu mama alitaka kuona nje. Nikamwinua kidogo. Chini palikuwa na maji ya rangi ya chai, na miti imetoa vichwa tu.

"Nyumbani ni wapi?" aliuliza.

Sikuweza kupaona. Nilimwonyesha kidole mahali popote, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nairobi tulipata kitanda, lakini daktari bingwa wa moyo hakuwepo, tuliambiwa tungoje. Mama hakungoja. Alifariki adhuhuri, wauguzi wakibadilishana zamu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Mjomba wangu wa Eastleigh alikuja na wanaume wa msikitini, wakamzika alasiri ile ile.

Simu za Garissa zilikuwa zimekufa. Mjomba alinipeleka kwenye kibanda cha redio za upepo, ambako wafanyabiashara waliongea na jamaa zao wa mbali. Baba akaitwa kwenye kibanda kama hicho upande wa pili. Nilimweleza. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Inna lillahi," alisema. Kisha, "Umekula?"

Barabara ilipofunguliwa alikuja. Mjomba alimpeleka makaburini, na yaliyotokea huko ni mjomba aliyenisimulia. Mvua ilikuwa imeng'oa vibao, na wengine wengi walikuwa wamezikwa tangu siku ile. Mjomba alizunguka, akasimama, akazunguka tena.

"Ama hili," alimwambia, "ama lile."

Baba alisimama katikati ya makaburi yale mawili, akainua mikono, akaomba dua ndefu. Hakumlaumu. Walikunywa chai, na kesho yake nikarudi naye Garissa.

Nyumbani nilimuuliza kama ameliona kaburi la mama. Alisema ameliona. Kisha akaniomba nifunge mlango, kwa kuwa upepo ulikuwa ukiingiza mchanga.