Mfagiaji wa Wodi na Namba Tasa

Mwalimu wa darasa la watu wazima aliizoea mikono ya mfagiaji wa wodi kabla hajaizoea sura yake. Ilikuwa imechubuka kwa dawa ya kusafishia sakafu, na penseli aliishika karibu kabisa na ncha, kana kwamba ingemponyoka. Mtihani wa kujiunga na uuguzi ulikuwa umeshamwangusha mara mbili, na umri unaoruhusiwa ulikuwa unamwishia mwaka huo. Kila sehemu aliyopewa aliirahisisha polepole, akigawa juu na chini kwa mbili, kisha kwa tatu, midomo ikicheza bila sauti. Ilipogoma kugawanyika tena, aliipigia mstari kwa rula na kushusha pumzi.

Siku walipofika kwenye namba tasa, aliacha kuandika. Mwishowe akauliza, kwa sauti ile ya chini anayoombea njia akipita na ndoo, "Mwalimu, kwa nini zikaitwa tasa?"

Mwalimu alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba mume wa mfagiaji alimrudisha kwao kwa neno hilohilo. Akaiweka chaki mezani. "Ni jina tu zililopewa na watu, dada. Zenyewe hazina kasoro. Kumi na mbili, ishirini, mia, zote zimetokana na hizo."

Mfagiaji aliinama akaanza kuziorodhesha. Kwenye hamsini na moja alisita, akaigawa kwa tatu, akaipita. Baadaye alimpelekea mwalimu daftari, akasimama wima mbele yake.

"Hesabu, Mwalimu. Mpaka mia ziko ishirini na tano, na sijaacha hata moja."