Kuku wa Bibi Niliyemtolea Mungu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki. Nikaacha shule darasa la pili, nikaenda kubeba kabichi za watu mpaka sokoni Lushoto. Lakini msinionee huruma. Kosa ninaloungama nimelifanya mwaka huu, nikiwa nimeshiba.

Usharikani kwetu sadaka za shambani na mifugo hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Desturi inajulikana: akinamama wakitaja bei kwa pamoja, wanaume tunanyamaza. Maana yake kitu hicho kina mtu wanayetaka kumpa.

Mimi napenda mnada kuliko mahubiri, nisiwadanganye. Nikipandisha bei, shingo zote zinageuka. Raha ya kutoa niliijua hiyo tu.

Jumapili hiyo mke wangu alitoa mtetea wake anayetaga. Wenzake walichanga wamnunue, wampe bibi kipofu anayeishi peke yake bondeni, apate mayai. Wakataja bei. Kimya.

Mwenye mashine ya mbao, aliyenishinda kwenye boga Jumapili iliyotangulia, akanong'ona ili nisikie: "Mzee Kabichi leo kasahau mfuko nyumbani."

Nikapandisha.

Mke wangu akasema taratibu, "Baba Eliza, huyo ana mtu wake."

Nikapandisha tena, juu ya bei yangu mwenyewe. Mnadishaji akaniuliza, "Mzee, sasa unashindana na nani?" Watu wakacheka. Nikadhani wananishangilia.

Nikamkabidhi kuku kwa mchungaji mgeni aliyehubiri siku hiyo, mbele ya wote. Akaliwa mchana uleule, na mimi nikapewa paja. Nyumbani mke wangu hakugomba. Alinitengea chakula, akaenda kula jikoni. Hapo ndipo paja liliponikaa kooni.

Kesho yake nikambebea bibi jogoo wawili wanene, wakubwa kuliko yule mtetea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe wa mnadani?"

"Ndiye mimi."

Akawapapasa vichwa, akacheka. "Mwanangu, na mayai nitataga mimi?"

Nikarudi nao, kijiji kizima kinaniangalia. Shingo ziligeuka kweli siku hiyo.

Siku hizi mke wangu hapeleki kuku mnadani. Anampelekea bibi mayai mwenyewe, na haniambii anatoka saa ngapi. Nanyi mnaopenda kutoa mkitazamwa, ulizeni kwanza kama kitu kina mtu wake.

Leo nina nyumba ya matofali, lori moja, shamba la kabichi, miti ya mapeasi, na jogoo wawili wasiotakiwa na mtu.